Kila Fani na Zamu Yake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mchana mjini Moshi, mtaa wa Soweto, mbele ya wachezaji wa hapa na wenzao waliokuja kutoka Arusha. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimenyoosha pale niliporudiarudia.

Shikamooni wakubwa wangu. Wadogo zangu, hamjambo? Mliotoka Arusha, poleni na safari, najua basi huwa linakaa sana Boma Ng'ombe. Karibuni Moshi.

Mmeniomba nizungumzie mlingano wa fani katika michezo yetu ya kuigiza mezani. Naona kuna wazazi wameingia kuwasindikiza watoto, kwa hiyo niwaeleze kwanza mchezo wenyewe kwa ufupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayeibeba dunia nzima kichwani mwake: vijiji, mapango, majambazi, wafalme. Wengine kila mmoja anabeba mhusika mmoja. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye lango la chuma, ndani mnasikia watu wanaongea." Wewe unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu inasema kama umefaulu. Kila mhusika ana fani yake. Huyu ni askari, huyu kasisi anayetibu, huyu mwizi wa kufungua makufuli, huyu mchawi. Na neno hilo mchawi lisiwatishe, wazazi wangu. Huyu wa mezani ni mtu wa vitabu, anayekesha akisoma maandishi ya kale ili apate speli mbili tatu, yaani maneno ya uchawi, za kutumia kesho yake. Hana uhusiano wowote na yule wa ungo.

Sasa swali la mlingano linatoka hapo. Kama fani moja inaweza kufanya kazi ya fani zote, wale wengine wamekaa mezani kufanya nini?

Nianze na kisa, kwa sababu kila ninachokiamini juu ya jambo hili kilianzia hapo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasimulia kwenye meza moja hapa mjini, Jumapili baada ya ibada. Tulikuwa sita. Miongoni mwetu alikuwepo dada mmoja, fundi cherehani, ambaye alicheza mwizi. Alikuwa mchezaji ambaye kila msimulizi anamwombea Mungu ampate. Aliandika kwenye daftari jina la kila mlinzi, alichora ramani, alikumbuka tulimwahidi nani nini. Mhusika wake, kila alipopanda levo, yaani daraja la uwezo, aliongeza ujuzi wa makufuli, wa kutembea bila sauti na wa kugundua mitego. Kwa wiki tatu tulikuwa tunaisogelea hazina ya mfalme mmoja, iliyofungwa kwa milango mitatu. Siku tuliyofika kwenye mlango wa kwanza, akavuta kiti mbele, akatoa dadu yake ya pande 20, ya zambarau, akaiweka juu ya daftari. Kabla hajairusha, kijana aliyecheza mchawi akasema, "Natumia speli ya kufungua." Nikasema sawa, mlango umefunguka. Mlango wa pili, speli ya kufungua. Wa tatu, vilevile.

Nilimwona dada yule akiirudisha dadu kwenye kimfuko alichokishona mwenyewe kwa kipande cha kitenge. Akavuta uzi taratibu, kimfuko kikafunga. Hakununa. Alikaa mpaka mwisho, akatuaga vizuri mmoja mmoja. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja.

Yule kijana hakufanya kosa lolote. Alikuwa na speli, akaitumia, na sisi sote tungefanya hivyo. Kosa lilikuwa langu, na sehemu yake lilikuwa la kanuni tulizokuwa tunatumia. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikasoma matoleo ya zamani na mapya ya kitabu cha kanuni, nikajaribu mezani. Mengi ya nitakayosema leo yametoka kwenye kuutafuta ule mlango.

Wengi tukisikia mlingano, akili inakimbilia kwenye bao. Na bao ni mchezo wa haki kweli. Una mashimo 16 na mimi nina 16. Tunaanza kila mmoja na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, jumla 64. Nyumba yangu iko pale nyumba yako ilipo. Ukinifunga, umenifunga kwa akili. Kwa hiyo kijana akianza kubuni mchezo wa mezani anataka fani zake ziwe kama pande mbili za bao: askari anaumiza kwa pointi 20, basi mchawi naye 20, mwizi naye 20, tumemaliza.

Lakini bao ni la watu wawili wanaoshindana. Mezani kwetu hatushindani. Tuko upande mmoja wa ubao, wote watano, na dunia ya msimulizi iko upande wa pili. Hata wapanda mlima mnalijua hili. Kwenye safari ya Machame mpishi haulizwi kwa nini hana mabega ya mpagazi, wala mpagazi haulizwi kwa nini hajui kusoma dalili za mgeni aliyezidiwa na urefu wa mlima. Swali la mlingano kwetu ni kama kila mmoja anahitajika. Mizani ya pointi haiwezi kukujibu swali hilo.

Turudi nyuma kidogo. Mchezo ulioanzisha ukoo huu wote ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulianza na fani tatu tu: askari, mchawi na kasisi. Mwizi alikuja mwaka uliofuata, 1975, kwenye kitabu cha nyongeza. Nilipoligundua hilo nilishtuka, maana speli ya kufungua milango ilikuwepo tangu 1974. Yaani speli ilimtangulia mwizi. Fani nzima ilizaliwa ikakuta kazi yake imeshagawiwa kwa mwingine. Yule dada mezani kwangu alikuwa anarithi tatizo lenye umri mkubwa kuliko wake.

Wabunifu wa enzi zile hawakuwa wajinga. Walikuwa na mlingano wao, ila waliuweka kwenye muda. Chukua toleo la msingi la mwaka 1981. Mchawi wa levo ya kwanza alikuwa na speli moja kwa siku. Pointi zake za uhai zilitoka kwenye dadu ya pande nne, kwa hiyo panga moja lingeweza kummaliza. Askari alirusha dadu ya pande nane na kuvaa chuma. Na kupanda levo hakukuwa kwa bei moja: mwizi alihitaji pointi za uzoefu 1,200 kufika levo ya pili, kasisi 1,500, askari 2,000, mchawi 2,500, na mhusika wa jamii ya elfi, anayepigana na kufanya uchawi kwa pamoja, 4,000. Ukitaka nguvu za baadaye unazilipia kwa unyonge wa leo na kwa kuchelewa.

Nakiri kwamba napenda bei zile tofauti. Kuna uaminifu ndani yake: kitabu kinakwambia waziwazi fani ipi ni ghali. Lakini mlingano wa muda una shida moja kubwa, kwamba unamlipa mtu mmoja leo na mwingine mwakani. Mezani tunakaa leo. Mchawi wa levo ya kwanza akishatumia speli yake saa nane na robo, anasubiri mpaka saa kumi na mbili akiwa na kijiti mkononi. Na hadithi ikidumu, akafika levo za juu, basi askari ndiye anayesubiri. Hakuna aliyefurahi wakati wote, wamepokezana tu kuchoka.

Mwaka 2000 likaja toleo la tatu, likasawazisha bei: fani zote zinapanda levo kwa pointi zilezile. Ilionekana ni haki. Kilichotokea ni kwamba waliondoa gharama ya mchawi wakamwachia mali yake. Askari alipanda kama ngazi, hatua kwa hatua. Mchawi, kasisi na wale wanaojigeuza wanyama walipanda kama moto wa nyasi kavu, kwa sababu kila levo iliongeza idadi ya speli na pia ukubwa wa kila speli. Baada ya marekebisho ya mwaka 2003, mnyama anayemfuata mtu wa msituni, yule wa kujigeuza wanyama, tangu levo ya kwanza aliweza kupigana karibu sawa na askari mzima. Fikirini umekaa mezani na daftari lako, na mwenzako ana mbwa anayefanya kazi yako, na bado yeye mwenyewe hajaanza kucheza. Kanuni hizo ndizo tulizokuwa nazo Jumapili ile.

Mwaka 2008 toleo la nne likashika tatizo kwa mikono miwili. Kila fani, awe askari awe mchawi, ikapewa uwezo wa aina moja: wa kutumia kila wakati, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Na kila fani ikapangiwa jukumu lake kwenye kikosi, huyu wa kulinda, huyu wa kushambulia, huyu wa kuongoza wenzake, huyu wa kudhibiti uwanja. Kwa hesabu, lilifanikiwa kuliko yote yaliyolitangulia, nami ninaliheshimu. Lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba fani zimekuwa na ladha moja. Mchawi alikuwa anafungua ukurasa unaofanana na wa askari, maneno tu ndiyo tofauti. Pilau na makande vyote ni chakula, lakini mtu aliyeomba makande hataridhika ukimwambia kuna pilau yenye kalori zilezile.

Toleo la tano, la mwaka 2014, ndilo wengi wenu mnalijua, kwa hiyo hapa nitakaa.

Chukueni askari na mchawi wa levo ya tano. Mchawi amepata mpira wa moto. Unaumiza kwa dadu nane za pande sita, wastani wa pointi 28, kwa kila aliye ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 20, kama mita sita. Mwenye bahati anayekwepa anapata nusu, kumi na nne. Goblini wa kawaida, zimwi dogo la hadithini, ana pointi saba za uhai. Wakisimama kumi pamoja, wote wamekufa, waliokwepa na wasiokwepa. Askari wa levo ileile ana mapigo mawili. Kwa upanga mkubwa na nguvu nzuri kila pigo ni wastani wa 11, kama yote yatapata. Ameua goblini wawili. Hesabu ya kijana pale mezani inaishia hapo, anatikisa kichwa, anasema askari ni takataka.

Lakini hebu hesabuni siku. Yule mchawi ana nafasi mbili za speli kubwa kiasi hicho, na ya tatu akitulia kwa mapumziko mafupi ya saa moja na kurudia vitabu vyake. Zikiisha, zimeisha mpaka alale kwa muda wa saa nane. Askari hakuna kitu kinachoisha mkononi mwake. Upanga wa pambano la kwanza ndio upanga wa pambano la saba, na ule uwezo wake wa kujiongezea tendo la pili unarudi kila akipumzika saa moja. Mwongozo wa msimulizi wa toleo hilo ulikadiria kwamba kikosi kinaweza kumudu mapambano sita hadi manane, ya ugumu wa kati au zaidi, kabla ya kulala. Mchawi na askari wamepimwa kwa siku ya namna hiyo.

Sasa niambieni kweli, nani hapa anaendesha mapambano sita kwa siku moja ya hadithi? Tunaendesha moja, kubwa, la mwisho wa kikao, kwa sababu muda hautoshi na watu wanataka kuwahi daladala. Tukimaliza tunasema, "Mnalala, kumekucha." Mchawi anarudi na speli zote. Kwa kufanya hivyo tumempa mchawi mshahara wa wiki kwa kazi ya siku moja, halafu tunalaumu kitabu. Hili ndilo jambo ambalo ningetaka kila msimulizi hapa aondoke nalo: saa ya mapumziko iko mikononi mwako, na ina uzito kuliko kanuni yoyote ya uchawi. Ukiwanyima kikosi usingizi kwa sababu inayoeleweka, kwamba msafara wa adui unatembea usiku, kwamba mateka atauawa alfajiri, askari anakua mbele ya macho yako.

Na ile speli ya kufungua? Katika toleo la 2014 bado ipo, na bado inafungua. Ila sasa inatoa mshindo unaosikika umbali wa futi 300, karibu mita 90. Niliposoma mstari ule nilisimama. Mchawi hajanyang'anywa kitu. Lakini kikosi kikifika kwenye hazina ya mfalme, kina swali la kujadili: tufungue haraka na walinzi wote waamke, au tumpe fundi wa makufuli dakika zake, kimya, huku sisi tumeshika pumzi? Mstari mmoja wa maandishi umemrudishia mwizi kiti chake. Ningekuwa nao Jumapili ile, dadu ya zambarau ingerushwa.

Mimi nimekulia Kibosho, kwa babu. Waliokulia huko juu, au Machame, au Marangu, wanaijua mifereji ya asili, ile inayochepusha maji ya mto na kuyatembeza migombani. Shamba la babu lilikuwa chini, mbali na chanzo. Jirani yetu wa juu alikuwa wa kwanza kufikiwa na maji. Angetaka, angeyamaliza yote, na wala asingehitaji kuiba, alikuwa juu tu. Hakuna mzee aliyewahi kusema jirani ahamie chini ili tulingane. Wala hawakugawa maji matone sawa sawa kwa kaya zote kwa wakati mmoja, maana yangekuwa machozi tu, yasingefika popote. Walichofanya ni zamu. Zamu yetu ilipofika, hata kama ni usiku, babu alichukua jembe na taa ya chemli, mimi nikamfuata. Tulipanda mpaka kwa jirani, tukaziba mchepuko wake kwa shina la mgomba, tukashindilia udongo na majani, na maji yote, yote, yakaja kwetu. Nakumbuka sauti yake gizani yakitutangulia kushuka.

Mlingano wa fani naufikiria hivyo. Mchawi ni shamba la juu. Hatumhamishi. Lakini lazima iwepo saa ambayo mchepuko wake umezibwa na maji yote ya meza yanakwenda kwa mwizi, kwa askari, kwa kasisi, na kila mtu mezani anajua ni zamu ya nani na anamngoja yeye.

Kuna mchezo uliolisema hili kwa ujasiri, Ars Magica, wa mwaka 1987. Pale wachawi wana nguvu kuliko wote na kitabu hakijifichi. Badala ya kuwashusha, wachezaji wanabadilishana. Kila mmoja ana mchawi wake, lakini safari hii wewe unatoka na mchawi, mimi nacheza mlinzi wake au rafiki yake, safari ijayo tunageuza. Ni mfereji kabisa.

Ila zamu peke yake haitoshi, na hapa nazungumza na wabunifu. Zamu bila maji ni kumtesa mtu. Askari wa vitabu vingi akifikiwa na zamu anasema, "Napiga." Anarusha dadu. Zamu inayofuata, "Napiga." Ana zamu, lakini mfereji mkavu. Mpe cha kuamua. Ampige huyu aumie, au amsukume korongoni, au asimame mlangoni ili mtu asipite, au atupe ngao yake amkinge mwenzake? Askari mwenye maamuzi manne yenye maana anapendeza kuliko askari mwenye pigo la pointi mia.

Wapo watakaosema haya yote si ya mbunifu, msimulizi mzuri atarekebisha mezani. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi na siikubali. Msimulizi ni mtu aliyefanya kazi wiki nzima. Jumapili saa moja jioni, amechoka, watu watano wanamwangalia, unamtaka akarabati mchezo huku anaucheza? Kitabu kimsaidie. Ndiyo maana tunakiita kitabu cha kanuni.

Sasa rasimu yenu, wa Arusha. Nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kwamba mnaandika mchezo kwa Kiswahili, wenye fani za kwetu: mpiganaji wa mkuki, mwindaji, mhunzi, mganga wa mitishamba, na mleta mvua. Mmeniandikia kwamba kwenye majaribio mleta mvua anawafunika wengine, na mnafikiria kupunguza radi yake kutoka dadu sita hadi nne.

Msiipunguze. Radi yake haina tatizo. Nimeorodhesha anachoweza kufanya: analeta mvua, anapiga radi, anashusha ukungu, anasoma dalili za kesho, na anatibu homa. Kusoma dalili kulikuwa kwa mwindaji. Kutibu kulikuwa kwa mganga. Amekalia viti vitatu. Mvueni hivyo viwili muwarudishie wenyewe, halafu mvua muiache kubwa, ya kutisha, mvua kweli.

Kisha fikirini mvua inafanya nini. Inawanyeshea wote. Nyayo zinafutika, kwa hiyo mwindaji, ambaye amefuatilia watekaji siku mbili, anapoteza njia. Moto wa mhunzi unazimika. Majani ambayo mganga ameanika yanaoza. Njia inateleza, mpiganaji wa mkuki anapigana magotini matopeni. Mkiandika hayo kwenye kanuni, mleta mvua hataweza tena kuinuka na kusema "naleta mvua" kama yuko peke yake duniani. Itambidi ageuke awaulize wenzake: mwindaji, umeshamaliza na hizo nyayo? Mhunzi, umeshahifadhi makaa? Nguvu yake imebaki palepale, lakini sasa inapita mikononi mwa watu wanne kabla ya kufika mbinguni.

Mhunzi ndiye aliyenisikitisha. Wahunzi wa milima hii walikuwa watu wa kuheshimiwa na kuogopwa, na nyinyi mmempa kazi ya kutengeneza silaha nyumbani, kati ya safari na safari. Yaani zamu yake inafika watu wakiwa wamesharudi kwao. Mtoeni kijijini. Abebe makaa kwenye chungu. Aweze kulisoma panga la adui na kusema litavunjika wapi. Aweze kuunganisha mkuki uliokatika usiku huohuo, na watu wakae naye kwenye moto wakisubiri. Mhunzi anastahili moto uwe wa kwake.

Na mnapojaribu, acheni kuhesabu madhara kwa kila mzunguko. Mimi siku hizi nina daftari dogo pembeni. Nimeandika majina ya wachezaji, na kila mtu anapoamua jambo lililobadilisha mwelekeo wa kikosi, naweka kijiti kimoja mbele ya jina lake. Awe ameua joka au amemshawishi mlinzi alegeze mkono, kijiti ni kimoja. Mwisho wa kikao natazama. Mtu akiwa na vijiti kumi na jirani yake kimoja, silaumu mtu, lakini kikao kijacho kinaanza kwenye shamba la huyo mwenye kimoja. Fanyeni vikao vitatu hivyo kabla ya kugusa namba yoyote kwenye rasimu. Na mtu anapotamka speli ya kumaliza tatizo, kabla sijasema sawa, nauliza meza: kuna mwenye njia nyingine? Nauliza kila mara. Inachukua muda mfupi kuliko kurusha dadu.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Memorial natafuta koti la baridi, nikamkuta yule dada wa Jumapili ile akichagua vitambaa. Tulisalimiana, nikamwomba radhi, pale pale kati ya mirundo ya mitumba. Aliikumbuka milango yote mitatu. Nilidhani atasema aliudhika kwa sababu mchawi alimshinda. Akaniambia, "Kaka, ningerusha nikakosa, nisingekasirika hata kidogo. Nilitaka kuujaribu tu."

Nilimweleza kuhusu rasimu yenu. Aliuliza swali moja, kama mhunzi ana kazi. Nikamwambia Jumamosi atakuwa nayo, aje saa kumi.

Saa hizi ni tisa na nusu. Meza tatu zimeshapangwa kule nyuma, dadu ziko kwenye kopo la kahawa, karatasi za wahusika ziko chini ya kopo. Karatasi ya mhunzi naomba isichukuliwe kwanza. Nani analeta mvua?